Kumi na moja au thelathini na tano: kisa cha namba ya kosa iliyotafsiriwa kupita kiasi

Usuli

Kisa hiki kiliipata timu ndogo inayotunza keneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, ya ukoo wa BSD, jamaa ya mifumo iliyotokana na Unix. Keneli hiyo huendesha programu zake yenyewe, na kupitia tabaka la upatanifu huendesha pia programu zilizokusanywa kwa ajili ya Linux, bila kuzibadilisha hata baiti moja. Jina la keneli, la wahusika na la programu zilizolalamikiwa nimeyaondoa. Namba za makosa nimeziacha, kwa sababu ziko hadharani na bila hizo hakuna kisa: upande mmoja ni namba za FreeBSD, mfumo mmojawapo wa ukoo huo, upande wa pili ni za Linux kwenye vichakataji vya x86.

Programu ya Linux haijui kwamba iko ugenini. Inaweka namba ya wito, yaani ombi lake kwa keneli, kwenye rejista ya kichakataji, inabisha hodi kwa keneli, kisha inasubiri jibu kwa desturi ya kwao. Kwa Linux, jibu na kosa hupita kwenye rejista moja: thamani kati ya -1 na -4095 ni kosa, na nyingine yoyote ni jibu halali. Desturi hii inashikiliwa kiasi kwamba wito wa `getpriority`, ambao jibu lake la kweli laweza kuwa namba hasi, hurudisha ndani ya Linux 20 ukitoa kipaumbele, ili kila jibu liangukie kati ya 1 na 40. Maktaba ya C ndiyo inayoligeuza tena kabla programu haijaliona. Kwa BSD mambo ni tofauti. Funksheni ya ndani hurudisha 0 ikiwa mambo ni shwari, au namba chanya ya kosa, na jibu lenyewe huwekwa pembeni mahali pake.

Tofauti hiyo peke yake isingesumbua mtu. Kinachosumbua ni kwamba namba zenyewe hazilingani. Kutoka 1 hadi 34 pande zote mbili zilirithi kutoka Unix ya zamani, hivyo ENOENT (faili halipo) ni 2 kote, EACCES (huna ruhusa) ni 13 kote, EINVAL (hoja si halali) ni 22 kote. Ndani ya safu hiyo kuna namba moja tu iliyoasi: 11. Kwa Linux 11 ni EAGAIN, yaani "hakuna kitu kwa sasa, jaribu tena". Kwa BSD 11 ni EDEADLK, "ukifunga kufuli hili mtakwama wote". Na EAGAIN ya BSD ni 35, ambayo kwa Linux ni EDEADLK. Namba mbili zimebadilishana viti. Msomaji aishike hiyo, kwa maana kisa chote kinazunguka hapo.

Tabaka letu lilianza na programu za biti 32 tu. Waliolianza waliweka tafsiri ya namba ndani ya kila funksheni: wito wa soketi, yaani ncha ya mawasiliano ya mtandao, ulijitafsiria wenyewe kabla ya kurudi. Miaka baadaye lilipoongezwa lango (sehemu ambapo miito huingia na kutoka kwenye keneli) la biti 64, aliyeliandika aliona busara zaidi kutafsiri mara moja pale langoni, mlango wa kutokea. Alikuwa sahihi. Ila funksheni nyingi zilitumiwa na malango yote mawili, na hakuna aliyerudi nyuma kuzisafisha.

Kilichotokea

Lalamiko la kwanza lilitoka kwa watunzaji wa huduma moja ya biti 64. Huduma hiyo ilikuwa ikikata miunganisho ya wateja wakati wa msongamano, na kwenye logi yake ikiandika kwamba imeepuka mkwamo wa kufuli. Haikuwa na kufuli lolote eneo hilo. Ilikuwa ikisoma soketi kwa `recvmsg`, bila kusubiri, baada ya kuambiwa na keneli kwamba kuna data. Kwa kawaida data ilikuwepo kweli. Mara chache, nyuzi mbili zilikimbilia soketi ile ile, mmoja akaikuta tupu, na hapo ndipo EAGAIN ilipopaswa kutoka. Ndiyo maana tatizo halikuonekana seva ikiwa tulivu.

Aliyekuwa zamu siku hiyo alifuatilia miito na kuiona 35 kwa macho yake. Akasema alichosema kila mmoja wetu alipoona ile logi: hiyo ni namba ya BSD, haijatafsiriwa. Akafungua funksheni ya nje ya `recvmsg`, akaongeza mstari mmoja wa kutafsiri, akajaribu. Ikatoka 11. Huduma ikatulia. Kiraka kikapitiwa na watu wawili, mmoja wao mimi, kikapokelewa siku hiyo hiyo.

Wiki iliyofuata wakaja watu wa programu za biti 32. Zilikuwa zikifanya kazi vizuri kwa miaka. Sasa zilikuwa zikikata miunganisho na kulalamika kuhusu mkwamo. Namba ile ile, 35.

Kiraka kikaondolewa. Wa 32 wakapona, wa 64 wakaugua tena. Mmoja wetu akapendekeza kiraka kibaki lakini kwa biti 64 tu, na kwa kweli kama asingekuwepo mwenzetu mmoja mbishi, tungefanya hivyo na kisa hiki kisingeandikwa. Yeye alikataa kwa hoja nyepesi: "Kama haijatafsiriwa, mbona lango la 64 linatafsiri kila kitu?"

Hapo tukakaa na karatasi. 35 ya BSD ikitafsiriwa mara moja inakuwa 11, sawa. Hiyo 11 ikitafsiriwa tena, jedwali la tafsiri linaiona kama EDEADLK ya BSD na kuirudisha 35. Ikitafsiriwa mara ya tatu inakuwa 11 tena. Kumbe 35 tuliyoiona haikuwa namba ambayo haijaguswa. Ilikuwa imetafsiriwa mara mbili: funksheni ya ndani mara moja, lango mara ya pili. Kiraka chetu kiliongeza tafsiri ya tatu, na kwa kuwa tatu ni witiri, jibu likawa sahihi kwa bahati. Kwa biti 32, ambako lango halikutafsiri, moja ikawa mbili, na mbili ni shufwa.

Kutotafsiri kabisa na kutafsiri mara mbili kunatoa dalili moja. Magonjwa mawili yanayotaka dawa kinyume, na kipimo tulichokuwa nacho hakikuweza kuyatofautisha.

Kutafuta rangi inayoonekana

EAGAIN ilikuwa kipimo kibovu kwa sababu inajirudia yenyewe kila hatua ya pili. Makosa ya safu ya 1 hadi 34 ni mabovu zaidi: yapitishe jedwalini mara kumi, yatatoka vile vile. Ndiyo sababu dosari hii iliweza kuishi miaka yote hiyo. Programu nyingi hukutana na ENOENT, EACCES na EINVAL, na hizo hazisemi lolote kuhusu safari zilizopita.

Tulihitaji kosa ambalo kila idadi ya tafsiri inaliacha na sura yake. Kwa miito inayopokea njia ya faili tulichagua ENAMETOOLONG, kwa sababu ni rahisi kuisababisha: mpe wito jina refu kupita kiasi. Kwa BSD ni 63. Ikitafsiriwa mara moja inatoka 36, ambayo ndiyo sahihi. Isipotafsiriwa inatoka 63, ambayo kwa Linux ni ENOSR, masalio ya mfumo wa zamani wa STREAMS. Ikitafsiriwa mara mbili, 36 inachukuliwa kuwa EINPROGRESS ya BSD na kutoka 115: unafungua faili lenye jina refu, unaambiwa muunganisho unaendelea kutengenezwa.

Kwa miito ya soketi tulitumia ENOTSOCK, kwa kuipa kila wito faili la kawaida badala ya soketi. Sahihi ni 88. Isipotafsiriwa ni 38, ambayo kwa Linux ni ENOSYS, na programu itadhani wito wenyewe haupo. Ikitafsiriwa mara mbili tunapata kichekesho: 88 kwenye FreeBSD ni EDOOFUS, kosa la kumwambia mwandishi wa msimbo kwamba amekosea yeye. Linux haina mwenzake, kwa hiyo jedwali letu liliitoa kama EINVAL.

Programu ndogo ya majaribio ikaandikwa kwa siku mbili, ikapita kila wito kwa malango yote mawili na kuandika namba iliyotoka. Matokeo yaligawanyika mafungu manne. Mengi yalikuwa mara moja, kama inavyotakiwa. Mengine hayakutafsiriwa, hasa kwa biti 32. Mengine mara mbili, hasa kwa biti 64. Fungu la nne hatukulitarajia, na nitalirudia.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha viraka. Hakuna kugusa wito mmoja mmoja mpaka kanuni iandikwe. Hili halikuwapendeza waliokuwa wakisubiri huduma yao ipone, na kwa wiki tatu tuliwaomba waishi na njia ya kuzunguka tatizo. Njia hiyo ya kuzunguka ilitugharimu baadaye.

Kanuni yenyewe ilikuwa fupi: ndani ya keneli kila namba ya kosa ni ya BSD na ni chanya, tafsiri hufanyika langoni tu, mara moja, mtu anapotoka. Tulizingatia njia ya pili, kila funksheni ijitafsirie, kwa kuwa baadhi ya tafsiri hutegemea wito. Tuliikataa kwa sababu moja. Ukisimama kwenye mstari wowote wa msimbo katikati ya tabaka, ukaona kigeugeu kinaitwa `error` chenye 11 ndani, huwezi kujua kinasema lugha gani. Katika C namba nzima ni namba nzima, kompaila haitakunong'oneza. Kwa kanuni ya lango moja unajua bila kuuliza: kama bado uko ndani, ni BSD.

Utekelezaji ulikuwa na ujanja mdogo ninaoupenda kuliko yote tuliyofanya. Badala ya kutafuta kwa jicho kila mahali funksheni ya tafsiri inapoitwa, tuliitoa kwenye faili la vichwa na kuifungia ndani ya faili la lango kwa `static`, neno la C linalozuia mafaili mengine kuiita. Kuanzia hapo kompaila yenyewe ilitutajia wakosaji wote, pamoja na wawili waliokuwa wamejificha ndani ya makro ambayo utafutaji wa maandishi usingewapata.

Kubadilisha vyote kwa mkupuo tuliogopa. Kwa hiyo kwenye jedwali la miito tuliongeza safu ya muda: kila wito ulitiwa alama ya "safi" au "chafu". Lango lilitafsiri wa safi na kuwaacha wachafu wajitegemee, huku funksheni ya tafsiri ikibaki na jina la muda, la kuchukiza makusudi, kwa wale ambao zamu yao haijafika. Wito mmoja, badiliko moja, jaribio moja. Alipokwisha mchafu wa mwisho, safu ikafutwa pamoja na lile jina. Kazi ilirefuka, lakini kila kitu kilipovunjika tulijua ni badiliko lipi.

Uamuzi uliofuata ulileta ubishi zaidi: nani hakimu? Kurasa za mwongozo zinaeleza makosa ambayo wito *unaweza* kurudisha. Hazisemi daima ni lipi linatangulia pale ambapo mawili yanastahili kwa pamoja. POSIX nayo, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, katika suala la `unlink` (wito wa kufuta faili) kwenye saraka, inataka EPERM (hairuhusiwi), ilhali Linux hurudisha EISDIR (hiyo ni saraka). Mmoja wetu alishikilia kwamba tufuate POSIX kwa kuwa ndiyo kanuni. Nilimpinga na bado nampinga. Programu iliyokusanywa kwa ajili ya Linux haikuandikwa ikiwa na POSIX mbele yake, iliandikwa na mtu aliyeijaribu kwenye Linux mpaka ikafanya kazi. Tabaka la upatanifu kazi yake ni kuiga, hata kasoro. Tuliamua hakimu ni Linux inayoendeshwa: majaribio ya miito kutoka Linux Test Project yaliendeshwa kwanza kwenye Linux halisi, kisha kwetu, tukalinganisha tofauti.

Na hapo kanuni ya lango moja ilipata mpaka wake. Jedwali haliwezi kugeuza EPERM kuwa EISDIR, kwa sababu EPERM ya miito mingine yote ni EPERM kweli. Vivyo hivyo `open` yenye O_NOFOLLOW, yaani iliyokatazwa kufuata viungo, ikikuta kiungo cha ishara: FreeBSD hurudisha EMLINK (viungo vya faili vimezidi), Linux hurudisha ELOOP (viungo vya ishara vimezidi). Lakini EMLINK inayotoka kwenye wito wa `link` lazima ibaki EMLINK. Hivyo tukatenganisha mambo mawili ambayo hapo awali yaliitwa kwa jina moja. Tafsiri ya *namba* iko langoni, haijui wito. Tafsiri ya *maana* iko ndani ya wito husika, na inageuza kosa la BSD kuwa kosa jingine la BSD: EMLINK yenye namba 31 inakuwa ELOOP yenye namba 62, na lango litaipeleka 40 kwa wakati wake. Maandishi yetu ya ndani yalihitaji majaribio matatu kabla ya watu kuacha kuchanganya hizo mbili.

Fungu la nne: namba hasi

Katika matokeo ya jaribio kulikuwa na wito ambao, ukipewa njia ya faili lisilokuwepo, haukurudisha kosa lolote. Ulirudisha 332. Wito wenyewe ni `statx`, wa kuuliza taarifa za faili, na namba yake kwenye Linux ya biti 64 ni 332. Programu ilipata kama jibu namba ile ile iliyobisha nayo hodi.

Aliyeandika sehemu hiyo alikuwa amezoea kuandika ndani ya Linux, na mkono ukamponyoka akaandika `return -ENOENT`. Kwenye Linux hiyo ndiyo desturi. Kwenye FreeBSD namba hasi ndani ya keneli zina kazi maalumu: -1 ni ERESTART, inayoliambia lango lirudie wito upya, na -2 ni EJUSTRETURN, inayoliambia liache rejista kama zilivyo. ENOENT ni 2. Lango likatii, likaacha rejista kama zilivyo, na ndani yake kulikuwa na namba ya wito. Programu ikaona thamani isiyo kosa, ikasoma bafa (eneo la kumbukumbu la kupokelea taarifa) isiyojazwa, ikaendelea na takataka kama taarifa za faili.

Mahali pengine kwenye msimbo huo huo palikuwa na `-EPERM`, yaani -1. Asiyeruhusiwa hakukataliwa: wito wake ulirudiwa, ukakataliwa, ukarudiwa, mpaka mtu aue mchakato. Tulikumbuka lalamiko la zamani kuhusu programu "inayokula kichakataji chote bila sababu" ambalo tulilifunga kwa kukosa ushahidi.

Baada ya hapo lango jipya lilipewa ukali. Thamani yoyote isiyo 0, isiyo kosa linalojulikana, wala kodi ya ndani iliyotangazwa na wito huo kwenye jedwali, kwenye keneli ya majaribio inasimamisha mashine na kutaja jina la wito. Kwenye keneli ya kazi inaandika logi mara moja na kurudisha EINVAL. Kulikuwa na pendekezo la EIO (hitilafu ya kusoma au kuandika) kwa kuwa "inaonyesha uzito". Tulilitupa: programu za hifadhidata zikiona EIO huamini diski inakufa, na hatukutaka mtu abadilishe diski nzima kwa sababu ya alama ya kutoa.

Matokeo

Huduma ya kwanza ikapona, na za biti 32 zikabaki zima. Tofauti na Linux halisi kwenye majaribio ya miito zilipungua hadi orodha ambayo mtu mmoja anaweza kuisoma asubuhi moja.

Kisha yakaja mawili.

La kwanza ni letu. Programu ya mteja ilikuwa na orodha ya anwani. Ya kwanza ikikataa muunganisho, inajaribu inayofuata. Baada ya toleo jipya iliacha kujaribu. Ilikuwa ikiunganisha bila kusubiri, halafu ikiuliza matokeo kwa `getsockopt` na SO_ERROR. Angalia kinachotokea hapo: wito wenyewe unafanikiwa na kurudisha 0. Namba ya kosa inasafiri *ndani ya bafa*, kama data ya kawaida, na kamwe haipiti langoni. Zamani palikuwa na mstari wa kuitafsiri. Kompaila ilipoutaja miongoni mwa wakosaji, mwenzetu aliufuta kwa kufuata kanuni kama ilivyoandikwa: hakuna tafsiri ndani. ECONNREFUSED ya BSD, 61, ikatoka mbichi, na 61 kwa Linux ni ENODATA (hakuna data). Programu haikuwa na cha kufanya na ENODATA.

Jaribio letu la rangi halikuona, kwa kuwa liliangalia thamani iliyorudishwa tu. Tulipotafuta wenzake SO_ERROR tulikuta familia nzima: matokeo ya kila operesheni ya usomaji usiosubiri, makosa ya mtandao yanayokuja kama ujumbe wa pembeni kupitia IP_RECVERR, sehemu ya `si_errno` kwenye taarifa za ishara. Tulitengeneza mlango wa pili wenye jina lake, wa makosa yanayotoka kama data, na idadi ya wanaouita inahesabika kwa vidole.

La pili lilitoka kwenye ile njia ya kuzunguka tatizo. Katika zile wiki tatu, na wengine miaka kabla yake, watu walikuwa wameandika kwenye programu zao: ukiona 35, ichukulie kama 11, jaribu tena. Baada ya marekebisho 35 ilimaanisha tu EDEADLK ya kweli. Programu moja iliyotumia kufuli za faili kwa `fcntl` ilipata mkwamo halali, ikaambiwa ukweli kwa mara ya kwanza, ikajaribu tena, na tena, bila kikomo. Tuliombwa swichi ya kurudisha tabia ya zamani. Tulikataa na kuwasaidia kuondoa ule mstari.

Uchambuzi

Kilichotuokoa kwa kweli ni kuchagua kipimo upya. Tulikuwa na zana, tulikuwa na logi, na wapitiaji wawili wenye uzoefu tuliidhinisha kiraka kibaya kwa sababu kosa tulilolitazama lilitoa jibu moja kwa hali mbili zinazopingana. Siku hizi mtu akileta dosari ya namba ya kosa, swali langu la kwanza ni ENAMETOOLONG inatokaje hapo, hata kama lalamiko halihusiani na majina ya faili.

Kuifungia funksheni ya tafsiri kulifanya kazi mara mbili: kulifichua waliokuwepo na kunazuia wajao. Kanuni iliyo kwenye waraka ingesahaulika kwa miezi sita. Iliyo kwenye `static` inakataa kukusanywa.

Lakini ujanja huo huo ndio ulioleta tatizo la SO_ERROR, na hili sitaki kulipitisha kama ajali ya mwenzetu. Kompaila ilitaja mahali palipokiuka kanuni. Haikusema kama kanuni yenyewe inahusu mahali hapo. Tuliandika "kosa hutoka langoni tu" tukifikiria thamani inayorudishwa, bila kuuliza ni njia zipi nyingine ambazo namba ya kosa huvuka mpaka. Swali hilo lingejibiwa kwa nusu siku ya kusoma vichwa vya Linux. Mwenzetu alitekeleza tulichoandika.

Kuhusu ile njia ya kuzunguka tatizo, tulikosea zaidi ya tulivyokiri wakati ule. Tukiwa tunawaomba watu wasubiri, sisi wenyewe ndio tuliowaambia waitendee 35 kama 11. Hatukuweka orodha ya tuliowaambia. Kukataa swichi bado naona ni sahihi, kwa kuwa ingerudisha namba yenye lugha mbili ndani ya keneli. Ila tulistahili kuwafuata wale watu kabla ya toleo, si baada.

Hali kama hii haituhusu sisi peke yetu. Mwaka 2021 glibc 2.34, maktaba ya C ya Linux, ilipoanza kutumia wito mpya wa `clone3`, programu ndani ya kontena zilishindwa kuanzisha nyuzi, kwa sababu vichujio vya usalama vilijibu wito wasioufahamu kwa EPERM badala ya ENOSYS. Maktaba ikiona ENOSYS hurudi kwenye wito wa zamani. Ikiona EPERM huamini imekatazwa. Kosa lipo, ni halali, limetafsiriwa vizuri, na bado si lenyewe. Kwetu tulikuta miito kadhaa iliyorudisha EINVAL pale ambapo haikutekelezwa kabisa, na kuibadilisha kuwa ENOSYS kuliponya programu ambazo hakuna aliyewahi kuzilalamikia.

Moja halijaamuliwa hadi leo. FreeBSD ina ENOTCAPABLE, namba 93, inayotolewa pale mpini wa faili unapokosa ruhusa ya kazi fulani. Linux haina kosa la namna hiyo, na 93 yake ni EPROTONOSUPPORT. Jedwali letu linatoa EPERM. Mwenzetu yule mbishi anataka EBADF (mpini si halali), kwa hoja kwamba programu nyingi za Linux zikinyimwa mpini huufunga na kuufungua upya, ilhali zikiona EPERM hukata tamaa. Ameleta programu mbili kama mfano, mimi nimeleta moja iliyofanya kinyume, na kiraka chake bado kiko wazi.